Bia ya nyumbani inanuka Dettol, inaunguza koo na chupa zinapasuka: kosa liko wapi?

Swali la msomaji:

"Mtaalamu, salaam. Naishi Tabata, Dar es Salaam. Natengeneza bia ya shayiri nyumbani, lita 20 kwa mpiko mmoja, ya kunywa mimi na mashemeji zangu, siuzi. Kimea, hopsi (yale maua ya kutia bia uchungu) na hamira ya pakiti naletewa na kaka yangu aliyeko Ujerumani. Mipiko mitatu ya mwisho yote imetoka na harufu kama ya Dettol. Nyuma yake kuna ladha ya epo bichi, na ukimeza inaunguza koo kama gongo, wakati kwa hesabu zangu haizidi asilimia tano. Maji ni ya bomba. Ndoo na chupa nasafisha kwa jiki. Hamira naitia mchanganyiko ukishapoa, na siku ya tano, mapovu yakitulia, natia chupani. Juzi chupa mbili zimepasuka kabatini. Jirani anasema hiyo ni methanoli, itatupofusha. Nibadilishe hamira? Au nitupe vifaa vyote nianze upya?"

Jibu:

Kaka, salaam. Kabla hatujagusa ladha, shughulikia hizo chupa. Mbili zikishapasuka, zilizobaki nazo ziko njiani, na kipande cha kioo kinachorushwa na gesi kinatoboa jicho bila shida. Usizitikise wala usizishike mikono mitupu. Vaa miwani, nguo nzito ya mikono mirefu na glovu nene, funika kreti kwa blanketi, kisha zihamishie kwenye friji uliyoiweka kwenye baridi ya mwisho. Baridi inashusha msukumo wa gesi na kuilaza hamira. Baada ya siku nzima fungua moja moja juu ya sinki, umefunika kizibo kwa taulo, ukikilegeza taratibu ili gesi itoke kabla kizibo hakijaachia. Watoto wasiwe jikoni wakati huo. Na usijaribu kuziokoa. Bia yenye harufu ya Dettol haiponi kwa kukaa, kwa hiyo ukimaliza kuzifungua, mwaga.

Sasa la jirani. Bia ya nafaka iliyochachushwa kwa hamira haizai methanoli, ile alkoholi yenye sumu, ya kumpofusha mtu. Wakati wa kuchacha methanoli hutokana na pektini, ambayo ni mali ya matunda zaidi, na kwenye shayiri ni kidogo mno. Hofu yenyewe ina asili yake: Novemba 2000, pombe ya magendo iitwayo kumi kumi iliua watu zaidi ya 100 Nairobi, na wengine wakabaki vipofu. Lakini methanoli ile iliongezwa kwenye pombe na mkono wa mtu. Haikuzaliwa kwenye pipa la nafaka. Ukianza kukeneka nyumbani hayo ni mambo mengine, na ushauri wangu huko ni mmoja tu: usifanye. Kwa bia yako, mtulize jirani. Kinachokuunguza koo kina jina lingine, na tutakifikia.

Vifaa usitupe. Hamira usibadilishe kwa sababu hii. Nimeisoma barua yako na kila dalili uliyoitaja ina saa yake ya kuzaliwa. Dettol imeingia kabla hamira haijaguswa, kwenye maji na jiki. Moto wa kooni umezaliwa ndani ya siku tatu za kwanza, kwa sababu ya joto. Epo bichi limebaki kwa sababu uliwahi kutia chupani, na chupa zimepasuka kwa sababu hiyohiyo. Kimea cha kaka yako kimeonewa bure.

Tuanze na Dettol. Kimea kina jamii ya kemikali ziitwazo fenoli, ambazo peke yake hazisumbui. Klorini ikikutana nazo hutengeneza klorofenoli, na pua ya binadamu huzinusa klorofenoli hata zikiwa sehemu chache tu katika bilioni. Dettol yenyewe hunukia vile kwa sababu dawa iliyomo, kloroksilenoli, ni ya ukoo huohuo. Kwa hiyo pua yako haijakudanganya hata kidogo. Watu wengi hufananisha ladha hii na plasta ya kidonda, wengine na wodi ya hospitali.

Najua utaniuliza: mbona nachemsha saa nzima? Klorini si inaruka? Inaruka, lakini fuata mpangilio wa kazi yako. Maji ya bomba unayapasha moto, unamwagia kimea kilichosagwa, unakaa nacho saa nzima, unachuja, ndipo unachemsha. Klorini imekwisha kukutana na kimea zamani. Unachochemsha ni maji yenye klorofenoli tayari, na hizo mvuke hauziondoi zikaisha. Klorini lazima itoke kabla maji hayajaiona nafaka.

Njia isiyo na gharama ni kuchemsha maji yote usiku wa kuamkia siku ya kupika, dakika 15 hadi 20 sufuria ikiwa wazi, kisha kuyaacha yapoe bila kufunikwa kwa mfuniko wa kubana. Kitambaa safi kinatosha kuzuia wadudu. Hii hufanya kazi kama maji yametibiwa kwa klorini ya kawaida. Yakiwa yametibiwa kwa kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia isiyoruka upesi, kuchemsha hakutoshi, hapo unahitaji metabisalfaiti ya potasiamu, vile vidonge vya watengenezaji wa mvinyo. Kidonge kimoja kinatosha maji ya lita 75, kwa hiyo nusu kidonge kwa ndoo yako ni tele. Kiponde, koroga, subiri dakika chache, kazi imekwisha. Mwambie kaka yako akuwekee kopo moja kwenye begi, litakutosha miaka. Na kama nyumbani mna mtu anayetia dawa ya kutibu maji kwenye simtanki, muulize alitia lini na kiasi gani. Nimeona nyumba ambazo maji ya bomba yaliingia na klorini kidogo tu, kisha tanki likaongezewa mara kadhaa ya kiasi hicho.

Usikimbilie maji ya kisima kukwepa klorini. Visima vingi vya Dar vina maji ya chumvichumvi, na chumvi hiyo haichemki ikaondoka. Inabaki kwenye bia ikiwa imekolea zaidi kuliko ilivyokuwa kwenye maji. Kisima kingine kina chuma, nacho huacha ladha ya damu, kama umelamba sarafu. Maji ya bomba yaliyotolewa klorini ni bora kwako.

Halafu jiki. Jiki ni klorini, na wewe umeiosha ndoo na chupa kwa klorini. Ndoo ya plastiki ikishapata michubuko ndani, michubuko ile inashika dawa, na kuisuuza mara moja hakuiondoi. Chupa ndiyo mbaya zaidi kwa sababu shingo ni nyembamba na matone hubaki chini. Hapa nakupa kipimo kitakachokuonyesha mkosaji: mpiko ujao, kabla ya kutia chupani, onja bia ikiwa bado kwenye ndoo. Ikinuka Dettol hapohapo, tatizo ni maji au ndoo. Ikiwa safi kwenye ndoo, kisha chupa zote zikanuka baadaye, ni uoshaji wa chupa. Na chupa tano zikinuka huku ishirini ziko salama, hizo tano hazikusuuzwa vizuri.

Mimi ningeiacha jiki kabisa kwenye kazi hii. Ipo kwa ajili ya sakafu na mashuka. Vyombo visafishe kwanza kwa maji ya moto na sabuni isiyo na manukato, kwa kitambaa laini, siyo sponji la chuma linalochubua plastiki. Uchafu ukiwepo hakuna dawa inayoua vijidudu vilivyo chini yake. Baada ya hapo ndiyo unaua vijidudu. Vitu vya chuma na chupa za kioo unaweza kuvipitisha kwenye maji yanayochemka kwa dakika kumi, chupa uziingize yakiwa ya vuguvugu na uyapashe taratibu zisipasuke. Kwa ndoo, kifuniko na mpira wa kuhamishia, tafuta dawa ya iodini ya kusafishia vyombo vya maziwa kwenye maduka ya vifaa vya wafugaji, na uizimue kama kopo linavyosema. Angalia usiuziwe ile ya kuchovya chuchu za ng'ombe, maana huwa na vilainishi vya ngozi ambavyo vitaua povu la bia yako. Acha vyombo vijichuruzishe maji vyenyewe, usivifute kwa taulo. Mpira wa kuhamishia, kama umekuwa mweusi au umebadilika rangi ndani, huo ndio kifaa pekee ninachokuruhusu kutupa. Ni wa bei ndogo na ndani hausuguliki.

Kabla sijaiacha Dettol, kuna harufu moja ya jirani ambayo watu huichanganya nayo, nayo ni karafuu. Ukinusa bia ukakumbuka ghala la karafuu Pemba au chai ya viungo, hiyo siyo klorini. Hiyo ni fenoli inayotengenezwa na hamira. Kwenye bia za ngano za Bavaria hutakiwa na hutafutwa kwa makusudi. Kwenye bia yako ya kawaida, iliyotumia hamira isiyo na tabia hiyo, karafuu ina maana kwamba hamira ya porini imeingia, na dawa yake ni usafi. Kwa hiyo nusa vizuri kabla hujalaumu maji.

Sasa joto, na hapa ndipo bia nyingi za Dar zinapofia. Umeniandikia kwamba hamira unaitia "mchanganyiko ukishapoa". Umepoa hadi wapi? Hukutaja namba, na nadhani hukupima. Maji ya bomba ya Dar wakati wa kiangazi yanatoka yakiwa na nyuzi 28 hivi, wakati mwingine zaidi. Ukiipoza sufuria kwenye beseni la maji hayo, haiwezi kushuka chini ya hapo, na mara nyingi mtu anachoka ikiwa bado na 35 kwa sababu mkono ukishika sufuria hauhisi moto tena. Mwili wako una 37. Kitu cha nyuzi 35 utakiona kimepoa.

Hamira nyingi za bia za kawaida, zile kavu za pakiti ya gramu 11.5, hutaka kati ya nyuzi 18 na 22 ili zitoe bia safi, hata kama pakiti inaruhusu hadi 26. Wewe unaitia kwenye 33 au 35, chumba kina 30, na yenyewe ikianza kazi huzalisha joto lake, nyuzi tatu hadi tano juu ya joto la chumba. Katikati ya ndoo yako siku ya pili huenda kulikuwa na 36. Hamira ikikimbizwa hivyo hutengeneza alkoholi nzito, ambazo ndizo zinaunguza koo na kutoa mvuke unaokumbusha spiriti, na inazalisha esta kupita kiasi, harufu ya ndizi mbivu mno au ya kiondoa rangi ya kucha. Nyingi hutengenezwa katika saa 72 za kwanza, wakati hamira inazaliana. Zikishakuwepo, hazitoki. Ndiyo maana mtu anayeipoza ndoo yake siku ya nne haoni tofauti, akasema kupoza hakusaidii.

Basi ukiwa na nguvu ya kurekebisha kitu kimoja tu katika bia yako, rekebisha joto la siku tatu hizo. Mengine yote kwangu yanafuata nyuma.

Kushusha lita 20 kutoka nyuzi 35 hadi 20 kunahitaji barafu. Kwa hesabu kilo tatu zinatosha, kwa uhalisia nunua tano au sita, kwa kuwa beseni na hewa navyo vinakula baridi yako. Poza kwanza kwa maji ya bomba hadi yasipoweza tena kushusha, mwaga hayo, ndipo uweke barafu na maji kidogo kuzunguka sufuria. Watu huweka barafu mapema wakati sufuria inachemka bado, ikayeyuka yote kwa dakika kumi na hakuna kilichopatikana. Barafu ya kununua isiingie ndani ya bia, izunguke nje tu. Chovya kipimajoto kilichosafishwa, na hamira isiguse kitu mpaka usome 20 au chini yake kidogo.

Kuitunza baridi hiyo kuna njia kadhaa. Utasoma sehemu nyingi ushauri wa kuifunga ndoo kwa taulo lililolowa na kuwasha feni. Dodoma ushauri huo unafaa, hewa yake ni kavu. Dar unyevu ni mwingi, maji hayakauki haraka, na taulo litakushushia nyuzi mbili tatu tu. Kinachofanya kazi Dar ni deli, yale makubwa ya kuwekea samaki na barafu, jipya au lililosafishwa likaisha harufu. Ingiza ndoo ndani yake, jaza maji hadi nusu ya ndoo, na gandisha chupa za maji za lita moja na nusu, ziwe sita. Mbili au tatu ziingie asubuhi, mbili au tatu jioni, zilizotoka zirudi kwenye friza. Ubavuni mwa ndoo bandika kipimajoto cha kubandika kama cha tangi la samaki, au funga kifaa cha kupimia ukikifunika kwa kipande cha sponji ili kisome ndoo kisisome maji. Umeme ukikatika kwa muda wa saa sita, maji yale mengi yatashika baridi yake. Ukipata friji kuukuu ya mtumba na kidhibiti joto cha kuchomeka kwenye soketi, hiyo ni bora kuliko vyote, ila usingoje uipate ndipo uanze.

Baada ya siku ya tatu au ya nne punguza chupa za barafu, acha joto lipande lenyewe hadi 22 au 24. Hapo hakuna tena hatari kubwa, na hamira ikichangamka mwishoni hukufanyia usafi. Nitaeleza hapa chini.

Au fanya kinyume kabisa: acha kupigana na joto na uchukue hamira inayolipenda. Wakulima wa magharibi mwa Norwei wametunza kwa vizazi hamira inayoitwa kveik, wakiikausha na kuirithisha ndani ya ukoo, na walikuwa wakiitia kwenye bia ikiwa na joto la nyuzi 35 au zaidi. Ile ya Voss siku hizi inauzwa kavu kwenye pakiti, na inafanya kazi safi kati ya 35 na 40, ikiacha harufu nyepesi ya chungwa badala ya moto kooni. Mtu wa Tabata, Februari, bila deli wala friji, atapata bia nzuri zaidi kwa hamira hii kuliko kwa ile aliyo nayo. Mwagize kaka yako pakiti mbili, na zikifika ziweke kwenye friji mara moja. Hamira kavu ikisahauliwa kwenye begi kwenye joto hupoteza nguvu, na hamira dhaifu ina matatizo yake yenyewe.

Tuje kwenye epo bichi. Harufu hiyo ni ya asetaldehidi. Sukari haigeuki kilevi kwa hatua moja: hamira huigeuza kwanza ikawa asetaldehidi, kisha asetaldehidi ikawa kilevi. Siku za mwanzo kila bia inayo. Hamira ikiachwa na muda wake, inarudi kuimeza ile iliyomwagika nje na kuimaliza. Wewe siku ya tano umeinyang'anya bia kabla haijamaliza kazi hiyo.

Nafikiri mazoea yetu yanachangia. Mbege ya Kilimanjaro, kimpumu, komoni, zote hunywewa changa, zikiwa bado zinafurukuta, na ukali wake wa kuchachuka ni sehemu ya utamu wake. Mbege ikikaa wiki imeharibika. Bia ya shayiri yenye hopsi ina sheria tofauti: lazima imalize kabisa, kisha ikae kidogo juu ya hamira yake. Mapovu hayakuambii imemaliza. Mapovu yanaweza kutulia kwa sababu usiku ulikuwa wa baridi, au kwa sababu kifuniko kinavujisha hewa pembeni. Yanaweza pia kuendelea wakati bia imemaliza zamani, gesi iliyoyeyuka ikiwa inatoka tu.

Anayekuambia ukweli ni haidromita, kile kipimo kinachoelea na kuonyesha uzito wa bia ukilinganisha na maji, ambayo husoma 1.000; sukari ikiisha namba inashuka. Kama huna, hiyo ndiyo ya kuagiza kwanza kabla ya hopsi yoyote ya fahari. Bia yako ya asilimia tano labda ilianza kwenye 1.048 na ilitakiwa kuishia karibu na 1.010. Pima siku ya kumi, pima tena siku ya kumi na tatu. Namba zikilingana na bia ikionjwa haina epo, tia chupani. Zikilingana lakini epo bado lipo, ngoja siku tatu au nne nyingine kwenye nyuzi 22 hadi 24. Kitu kimoja cha kuangalia: haidromita nyingi zimetengenezwa zisome sawasawa kwenye nyuzi 20. Kwenye bia ya nyuzi 30 itakusomea chini kwa nukta mbili hadi tatu, ikuambie 1.009 wakati ukweli ni 1.012 hivi. Kipoze kisampuli kwenye maji ya barafu kwanza, au ongeza tofauti hiyo. Na sampuli ukimaliza kupima, inywe, usiirudishe kwenye ndoo.

Hapa ndipo chupa zako zilipopasukia. Kila nukta moja ya haidromita, yaani 0.001, ikichachukia ndani ya chupa huongeza karibu nusu ujazo wa gesi (ujazo mmoja ni lita moja ya gesi kwa kila lita ya bia). Bia ya kawaida ina ujazo mbili na nusu hivi. Tuseme ulitia chupani kwenye 1.018 na bia ikaja kumalizia 1.010: umeongeza ujazo nne juu ya ile sukari ya kutilia gesi. Chupa haikuumbiwa mzigo huo. Bia ikishamaliza kabisa, sukari ya kutilia gesi iwe gramu sita hadi saba kwa lita, ipimwe kwa mizani, ichemshwe na maji kidogo na ichanganywe kwenye ndoo nzima. Kijiko kwa kila chupa ndicho kinacholeta chupa moja isiyo na gesi na nyingine inayoruka hadi darini.

Siku hizo za kungoja zinakukinga pia na kasoro ambayo hukuitaja lakini utakutana nayo ukishaanza kupoza bia: siagi. Ni diasetili, harufu ya bisi zilizopakwa siagi, na ulimini unahisi utelezi. Hamira huitoa na hamira huirudia, ilimradi mwishoni iwe na joto na muda. Ndiyo sababu nimekuambia uache joto lipande. Kipimo chake: chukua bia kidogo kwenye glasi mbili zenye vifuniko, moja iweke kwenye maji ya moto ya nyuzi 60 kwa dakika 20, ipoze, unuse zote mbili. Iliyopashwa ikinuka siagi na nyingine hainuki, bado haijawa tayari.

Mengine nayapitia kwa haraka kwa kuwa hayako kwenye barua yako. Harufu ya mahindi ya makopo hutokana na kuchemsha sufuria ikiwa imefunikwa. Funua, acha mvuke utoke. Ladha ya kadibodi iliyolowa ni oksijeni, mtu amemimina bia kwa kurusha badala ya kuiteremsha kwa mpira hadi chini ya chupa. Harufu ya mnyama wa porini ni jua lililopiga hopsi. Kwa jua letu, glasi ya bia iliyoachwa barazani mchana hubadilika ndani ya dakika chache, kwa hiyo tumia chupa za kahawia, zile za kijani na nyeupe waachie wenye viwanda. Ukakasi wa chai iliyokolea mno unatokana na kusuuzia kimea kwa maji yaliyozidi nyuzi 77. Na uchachu wa siki au wa mtindi, ukiongezeka wiki hadi wiki, ni bakteria, turudi kwenye usafi.

Kuhusu kuonja: usihukumu bia ikiwa ya barafu. Baridi inaficha makosa. Mimina nusu glasi, ifunike kwa kisosi, iache dakika tano, itikise, funua na unuse kwanza kabla ya kuonja. Sekunde mbili za kwanza ndizo zenye habari, pua ikizoea haisemi tena. Andika neno la kwanza lililokujia, hata kama ni "kapeti" au "dukani kwa fundi". Onja na shemeji mmoja asiyejua unatafuta nini, naye aandike lake kabla hamjazungumza.

Sasa mpiko wako ujao. Kwa kawaida humshauri mtu abadilishe kitu kimoja kwa mara moja ajue kipi kimesaidia. Kwako sioni haja, kwa sababu makosa yako matatu yana ladha tatu zisizofanana, na kila moja ikiondoka utajua ni lipi limetengemaa. Tumia kimea kilekile, hopsi zilezile na hamira ileile. Chemsha maji jana yake au tia nusu kidonge. Jiki ikae chooni. Hamira iingie kwenye 20, deli likae na barafu siku tatu kamili, kisha subiri haidromita. Pika pungufu ukipenda, lita kumi, deli litakuwa rahisi kulimudu.

Andika pembeni namba nne: joto siku ya kutia hamira, joto la juu kabisa ndani ya siku tatu, haidromita ya kwanza na ya mwisho. Mwezi mmoja baada ya kutia chupani, kama kuna ladha iliyobaki, nitumie namba hizo pamoja na neno la shemeji.